Kihisi Kimoja cha Kushoto: Funzo la Safari 302 kwa Abiria wa Kagera



Anayetoka Murongo au Kayanga akiwa na haraka ya kufika Dar es Salaam hushuka hadi Bukoba kupanda ndege. Tangu Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria na kuua watu 19 kati ya 43, kila nikizungumzia usafiri wa anga mkoani humu naulizwa habari ya siku ile. Mniwie radhi, leo nawapeleka Addis Ababa.

Machi 10, 2019, saa 2:38 asubuhi, Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines, safari namba 302, iliruka kwenda Nairobi. Ilikuwa na umri wa miezi minne tu. Kila upande wa pua ya ndege hiyo pana kihisi chenye kibapa kidogo kinachofuata upepo, nacho hupeleka kwenye kompyuta, kwa njia ya umeme, pembe ambayo ndege inaukabilia upepo. Muda mfupi baada ya kuruka, kihisi cha kulia kilisoma nyuzi 15 hivi. Cha kushoto kiliruka ghafla hadi nyuzi 74.5. Rubani yeyote angeitilia shaka namba hiyo papo hapo. Mfumo uitwao MCAS haukuundwa kutilia shaka: ulisikiliza kihisi kimoja, ukaamini pua imepanda mno, ukaamuru mota ya mkiani iisukume chini.

Mkulima wa kahawa wa Kyerwa ananielewa hapa. Mizani ya chama cha msingi ikisema gunia alilolibeba kwa taabu lina kilo 20, atadai mizani nyingine. Kwenye ndege ile mizani ya pili ilikuwepo, nzima kabisa, wala haikuulizwa.

Marubani walikata umeme wa mota ile kwa swichi mbili, kama ilivyoelekezwa baada ya ajali ya Lion Air, Indonesia, iliyoua watu 189 Oktoba 2018. Umeme ukishakatwa, bawa la mkiani hurekebishwa kwa gurudumu la mkono lililo karibu na goti la rubani. Rubani msaidizi alilijaribu, likamshinda. Kwa mwendo ule upepo ulikuwa umelibana bawa. Wakarudisha umeme, na MCAS ikarudi nao. Dakika sita baada ya kuruka, ndege ilijikita ardhini karibu na Bishoftu. Walikufa watu wote 157, wakiwamo Wakenya 32.

Wapo wanaowalaumu marubani kwa kuacha injini kwenye nguvu ya kurukia. Ni kweli mwendo ulizidi. Ila mimi nisingemhukumu kirahisi mtu aliyepigiwa ving'ora vinavyopingana huku usukani ukimtetemekea mikononi.

Kihisi kiliharibiwa na nini? Ripoti ya mwisho ya Ethiopia, Desemba 2022, ilitaja hitilafu za umeme zilizokuwamo tangu ndege ilipotengenezwa. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ikapinga: kibapa kiling'olewa na kitu kilichokigonga, yaelekea ndege mwenye manyoya. Wachunguzi wa Ufaransa nao wakaelekea huko. Naiona hoja ya Wamarekani kuwa nzito zaidi, kwa jinsi namba ilivyoruka mara moja. Hata hivyo haiiokoi Boeing. Waya kulegea au kunguru kugonga pua ni mambo ambayo mhandisi hana budi kuyatarajia. Kukipa kihisi kimoja mamlaka juu ya mkia ni uamuzi uliofanywa mezani, na watu wenye muda wa kutosha wa kufikiri.

Marekani iliruhusu MAX kurudi angani Novemba 2020, baada ya programu kurekebishwa ilinganishe vihisi vyote viwili. Air Tanzania ilipokea MAX 9 yake ya kwanza Oktoba 2023. Wanafunzi wa fizikia wa Karagwe na Kyerwa, ripoti ya Ethiopia na pingamizi la Wamarekani zote zimechapishwa. Zisomeni zote mbili, kisha njooni mnipinge.