Kupandikiza Ukoka Kandokando ya Nyumba

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya ukoka, yaani majani mafupi yatambaayo juu ya ardhi, na jinsi ya kuupandikiza kandokando ya nyumba. Labda mtu atasema, "Majani humea yenyewe, yana haja gani ya kupandwa?" Neno hilo ni kweli mahali pasipokanyagwa wala kufagiliwa. Lakini ardhi ya nyumbani hukanyagwa kila siku, nayo haiwezi kujivika nguo bila kusaidiwa.

Itazameni nyumba yo yote iliyojengwa mteremkoni, ambayo uwanja wake hufagiliwa mpaka ukang'aa. Masika yakija, maji ya paa huanguka kwa nguvu, huchimba mfereji chini ya upenu, kisha hushuka yakichukua udongo. Mwaka wa kwanza hatuoni neno. Baada ya miaka michache msingi u wazi, kizingiti kimekuwa juu kama ngazi, na mizizi ya mwembe yaonekana nje. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ufa wa namna hii huzibwa kwa majani.

Nguvu ya majani imeonekana dhahiri katika nchi ya Kondoa, huko Tanzania. Udongo wake ulikuwa umeliwa na maji hata pakawa na makorongo makubwa. Mwaka 1973 ilianzishwa kazi iitwayo Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu zilizoharibika sana. Majani na miti vikarudi kuifunika ardhi. Jambo lililofaa bonde zima litafaa na uwanja mmoja.

Twajua kwamba watu wengi hupenda uwanja mtupu, na sababu zao ni njema: nyoka huonekana upesi, na nafaka hupata mahali pa kuanikwa. Hatuwaambii muuache. Uwanja wa mbele na ubaki kama ulivyo. Lakini upande wa mteremko, ambako maji hupita, upandeni ukoka. Mahali hasa matone ya paa yaangukiapo wekeni kokoto, na ukoka uanzie hapo. Tena ukoka ukikatwa ukawa mfupi, haumfichi nyoka.

Basi, tuchague majani gani? Pwani na katika nchi za joto, ukoka wa kawaida wafaa sana, kwa kuwa huvumilia jua na ukame. Ila haupendi kivuli. Chini ya miti zafaa nyasi zenye majani mapana, ambazo watunza bustani huziita nyasi za Pemba. Katika nchi za juu zenye baridi, kama Limuru na Nyeri, ziko nyasi zilizopewa jina la Wakikuyu, nazo zimepelekwa hata Australia na Afrika ya Kusini. Hizo zina nguvu nyingi, walakini zina ukaidi: zisipozuiwa huingia shambani. Kwa hiyo chimbeni mfereji wa shubiri moja baina yake na shamba, mkaukague kila mwezi.

Kazi ianze mvua zinapoanza, wala si wakati wa kiangazi. Kwanza ng'oeni magugu yote, hasa ndago, maana ndago huacha viazi vyake chini ya udongo na kumea tena. Limeni kwenda chini shubiri moja hivi, changanyeni samadi iliyooza vizuri, kisha sawazisheni, mkiuacha udongo uiname kidogo kutoka nyumbani kwenda nje. Ushindilieni kwa miguu, mwagieni maji, na palipodidimia mpajaze.

Siku ya pili kateni mabamba ya ukoka, yaani vipande vipana pamoja na mizizi na udongo wake, unene wa vidole viwili. Upana wa shubiri moja na nusu watosha, ili kipande kisivunjike mikononi. Lakini tunawasihi, msiyakate ukingoni mwa mto wala kwenye mteremko wa jirani. Mtu aponyaye uwanja wake kwa kumjeruhi mwenzake hakuponya kitu. Kateni mahali tambarare, tena kwa ruhusa, mkiacha mstari baina ya bamba na bamba ili ukoka ule urudi kufunga jeraha lake.

Pandeni siku ile ile, maana mizizi iliyo wazi hukauka upesi. Mkichelewa, wekeni mabamba kivulini chini ya magunia yenye maji. Vuteni kamba, mpange mstari wa kwanza kwa kukata mteremko, wala si kwa kuufuata. Bamba liguse bamba, pasiwe na nafasi. Mstari wa pili uwe kama kazi ya mwashi apangaye matofali: kiungo cha juu kisikutane na kiungo cha chini, maji yasije yakapata njia. Penye mteremko mkali, pigilieni vijiti. Kisha gandamizeni kwa ubao, mjaze viungo kwa udongo laini.

Mara mkiisha, mwagieni maji mengi. Inueni pembe ya bamba moja mtazame: kama udongo wa chini haujalowana, maji hayajatosha. Majuma mawili ya kwanza mabamba yasikauke hata kidogo. Mvua isiponyesha, mwagieni kila siku. Baadaye mwagieni kwa nafasi ndefu zaidi, lakini maji yazame sana, ili mizizi ishuke kuyafuata. Mkilivuta bamba likakataa kuinuka, limeshika. Hapa twawaambia vijana neno moja: maji hayo msimtwishe mama yenu juu ya mzigo alio nao. Ndiyo maana tumesema pandeni wakati wa mvua. Na siku isiyo na mvua, chukueni ndoo wenyewe, au tumieni maji yaliyokwisha kuoshea mboga.

Kuku, mbuzi na watoto wasikanyage hapo kwa muda wa mwezi mmoja. Uzio wa miiba watosha. Ukoka ukifika urefu wa vidole vinne, ukateni kwa fyekeo kali, lakini msiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake, maana majani ndiyo yanayoilisha mizizi.

Na asiye na mabamba ya kutosha asikate tamaa. Achambue vijiti vya ukoka vyenye mizizi, avipande kwa mistari, shubiri moja baina ya kijiti na kijiti. Vitachelewa, lakini vitakutana.

Wasikilizaji wetu, udongo uliochukuliwa na mvua moja haurudi kwa maisha ya mtu mmoja. Kazi tuliyoieleza ni ya siku mbili au tatu, na vyombo vyake ni jembe, kamba na ubao. Walimu na wajaribu pamoja na wanafunzi wao, kwa kupanda kipande kidogo penye mteremko karibu na shule. Masika yajayo watazame maji yanayotoka hapo na yale yanayotoka uwanja mtupu, wapime kwa macho yao yapi yana tope. Kwaherini.