Tamasha la Vitabu: Kipaza Sauti Kianzie kwa Wasomaji



Maktaba ya McMillan, barabara ya Banda hapa jijini, ilifunguliwa mwaka 1931. Hadi 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuketi ndani yake akasoma. Wapo wazee wa Eastlands waliopita hapo ujanani wakaishia kuzitazama tu zile sanamu za simba mlangoni.

Ndiyo maana tamasha la NBO Litfest haliishii McMillan. Hufika pia katika maktaba za Kaloleni na Makadara, ambako mtoto wa mtaa huja kwa miguu, bila kuhitaji nauli. Na haji kupiga makofi. Anakuja kumuuliza mwandishi kwa nini mhusika fulani alikufa, au kwa nini hakuna hata mmoja kitabuni anayeishi mtaa kama wake. Swali hilo lipewe muda kuliko hotuba za wageni waalikwa, ambazo mara nyingi hula asubuhi nzima. Mwandishi asiye na jibu na aende na swali nyumbani.

Waandishi wamekwisha kuketi. Kipaza sauti kipelekwe kwa watoto walio kule nyuma.