TUYAPIME MAJI YA MTO
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wafanya kazi wa mashamba, Subukia)



Leo sitasema habari za mshahara. Nitasema habari za maji tunayoteka mtoni, na za sumu moja iitwayo aseniki. Sumu hii ikiwa majini haina rangi, haina harufu wala ladha. Ukiyachemsha maji haitoki. Maji hupungua kwa mvuke, sumu hubaki sufuriani. Hujulikana kwa kipimo tu.

Mtu atauliza, aseniki na Subukia wapi na wapi? Wazee wetu waweza kujibu. Bonde hili lilikuwa na mashamba ya masetla, na kupe waliwaua ng'ombe kwa ndigana. Dawa ya josho katika Kenya, tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mpaka dawa nyingine zilipoingia baada ya ile ya Pili, ilikuwa maji ya aseniki. Josho moja lilichukua maelfu ya lita. Ng'ombe walitoka wakichuruzika, na tope lilipozolewa lilimwagwa papo hapo karibu. Tena josho hutaka maji mengi, basi halijengwi mbali na maji. Mashamba yalipogawanywa baada ya uhuru wa 1963, josho lililoachwa lilibaki na udongo wake. Aseniki haiozi kama samadi. Hushikamana na udongo miaka mingi, na mvua kubwa ikiuchukua udongo ule huupeleka mtoni. Huko Australia, katika jimbo la New South Wales, kuna majosho ya zamani zaidi ya 1,600, na serikali ililazimika kuyaandikisha na kuuchunguza udongo wake.

Sikuja kuwaambia kwamba mto wetu umeharibika. Nimekuja kutaka upimwe kabla mtu hajaugua, maana ugonjwa wake hujificha kwa miaka. Ngozi huota madoa, viganja na nyayo huwa vigumu, na baadaye yaweza kuja saratani ya ngozi, ya kibofu au ya mapafu. Sisi watu wa jembe viganja vyetu ni vigumu tangu ujana, nani atashtuka? Kule Bangladesh watu walichimbiwa visima ili waepuke maradhi ya kuhara, wakanywa kwa furaha, na aseniki ikagunduliwa humo 1993, mamilioni wakiwa wamekwisha kuinywa.

Kiasi kinachokubaliwa ni kidogo sana: miligramu 0.01 katika lita moja. Chukua gramu 1, ikoroge ndani ya matangi 10 ya lita 10,000 kila moja; hapo ndipo mpaka. Shirika la Afya Duniani lilisema 0.2 mwaka 1958, likashusha hadi 0.05 mwaka 1963, kisha 0.01 mwaka 1993. Kila walipojua zaidi, walishusha. Basi mtu asituletee karatasi ya zamani akasema maji ni mazuri.

Na kupima si kuchota chupa moja siku ya jua na kwenda zake. Yatakiwa maji ya juu ya josho la zamani, ya chini yake, na ya pale mama wanapoteka. Yatakiwa wakati wa kiangazi, na tena mvua zinapoanza na mto umekuwa mwekundu, kwa sababu ndipo udongo unaposafiri. Tope la chini ya mto nalo lichukuliwe. Chupa iwe safi, isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale, mchotaji aelekee maji yanakotoka asije akatibua tope kwa miguu yake, na mahali, siku na saa viandikwe hapo hapo. Chupa isiyoandikwa ni kazi bure. Kuna vipimo vya mkononi ambavyo karatasi yake hugeuka manjano, kisha kahawia. Vyafaa kwa kuchagua pa kuanzia, lakini neno la mwisho ni la maabara.

Meneja atasema hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli, Mamlaka ya Rasilimali za Maji inayo kazi ya kuangalia mito, kwa Sheria ya Maji ya 2016. Lakini kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamtaka mwajiri awape wafanya kazi maji safi ya kutosha mahali pa kazi na karibu na nyumba alizowapa. Penye wafanya kazi 20 au zaidi sheria yataka kamati ya usalama na afya. Basi jambo hili liandikwe katika kumbukumbu za kamati. Ofisi ya serikali tukiiomba majibu ya vipimo, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeipa siku 21.

Maji ya bonde hili hushuka kwa mto Waseges mpaka Ziwa Bogoria, na huko chini wako wachungaji na wakulima wanaotegemea yale tunayoyaachia sisi.

Kwa hiyo naomba kila shamba lichague watu wawili, mmoja awe mama anayeteka maji. Wazee wawaonyeshe mahali majosho yalipokuwa, hata kama leo pamelimwa mahindi. Barua ya kumtaka mwajiri apimishe maji itatoka kwa katibu wa tawi, na majibu yakija yabandikwe penye ubao wa matangazo, kwa Kiswahili, tarakimu zote.