Hotuba ya Katibu wa Kwaya: Kwa Nini Leo Tunaimba kwa Ng'aturkana

 

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, wageni wetu mliotoka Kakuma tangu alfajiri, akina mama, vijana na wanakwaya wenzetu: karibuni Lodwar katika jubilei yetu ya fedha. Historia ya kwaya imo humu kijitabuni, na mweka hazina atasoma hesabu. Sisi tumeombwa kueleza kwa nini nusu ya nyimbo za leo ni za Ng'aturkana, maana maneno yamekuwa mengi.

Tulipoimba Kakuma, mama mmoja mzee alitushika mkono baada ya ibada. Akatusifu kwa sare na kwa sauti. Kisha akauliza, "Wanangu, mlikuwa mnasema nini?" Miaka yote hiyo tumeshinda makombe, na mama huyo hajaelewa ubeti mmoja. Tulirudi garini tumenyamaza.

Hapo ndipo tulipomkumbuka Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, mwaka 1931. Alisomea Agano Jipya hadi udaktari huko Cambridge, Uingereza, kisha akafundisha Makerere kuanzia 1964 kwa miaka kumi. Alipotakiwa kufundisha dini za Kiafrika, vitabu vya kutosha havikuwepo. Akatafuta mwenyewe, akaandika, akafundisha. Masomo yale ya darasani yakazaa kitabu chake maarufu cha 1969. Alishikilia kwamba wamisionari hawakumleta Mungu Afrika. Mungu ndiye aliyewaleta wao. Sisi tuliolelewa na mabibi waliomwita Akuj kabla ya kuona kanisa, hilo halitushangazi.

Aliandika pia kisa cha kijana aliyerudi kijijini kutoka ng'ambo na shahada ya theolojia, Kiyunani, Kiebrania na mizigo ya vitabu. Katika sherehe ya kumpokea, dada yake akaanguka, wakasema ana pepo. Watu wote wakamgeukia msomi. Akafungua kitabu cha Bultmann, mwalimu mkubwa wa Ujerumani, akakuta kwamba mambo ya mapepo yalishaondolewa. Dada bado yuko chini! (Tulicheka, halafu tukajiona.)

Mbiti mwenyewe hakuishia hapo. Akiwa mchungaji na mwalimu Uswisi miaka mingi, hakuacha lugha ya mama yake. Wakamba walikuwa na Biblia tayari, lakini yeye alirudi kwenye Kiyunani, akatafsiri Agano Jipya lote upya kwa Kikamba. Lilitoka mwaka 2014, yeye akiwa amevuka miaka 80. Alifariki mwaka 2019.

Sasa, wapo waliosema tutawatenga ndugu zetu Wakongomani na Wasudani wa kambini. Hoja hiyo ni ya kweli, na ilitugawa. Sauti ya nne nusura watoke. Ndiyo maana nusu ya nyimbo imebaki kwa Kiswahili, na ndugu wa Kongo wataongoza mbili.

Jambo la mwisho. Katika wimbo wa tano, ubeti wa tatu, wazee hawajakubaliana juu ya neno moja, kwa hiyo umechapishwa mara mbili. Tunaomba wazee wa Lodwar na wa Kakuma mketi pamoja wakati wa chakula mtuamulie. Tutauimba saa tisa.