Sukhoi za Uganda: Nguvu Zake na Udhaifu Wake



Kutoka Kaniha, wilayani Biharamulo, nimeletewa swali fupi ambalo halijibiki kwa ufupi. Mwandishi wa barua anasema vijana wa kijiweni kwao wanabishana kuhusu ndege za kivita za Kirusi walizonazo jirani zetu wa Uganda. Mmoja anadai zinaweza kufika Kaniha kabla chai haijapoa. Mwingine anasema ni mabati ya kupamba gwaride tu. Yeye anauliza ni nani kati yao asemaye kweli.

Nianze na yule wa chai, kwa kuwa hoja yake inapimika. Ndege inayozungumzwa ni Sukhoi aina ya Su-30MK2. Uganda ilinunua sita, nazo zikapokewa kati ya mwaka 2011 na 2012. Ina injini mbili na hubeba watu wawili, mmoja nyuma ya mwenzake. Urefu wake unakaribia mita 22. Kasi yake ya juu kabisa ni kama kilometa 2,100 kwa saa, karibu mara mbili ya mwendo wa sauti. Hakuna rubani anayesafiri mbali kwa kasi hiyo, maana mafuta yatamwishia njiani. Lakini hata kwa mwendo wa kilometa 900 kwa saa, kutoka Entebbe hadi Biharamulo, ambako kwa mstari mnyofu hakuzidi sana kilometa 320, ni dakika ishirini na ushei. Chai ya kikombe itakuwa imepoa. Ya kwenye chupa bado.

Inaweza kubeba silaha za uzito wa tani 8, mzigo ambao Fuso ya maharage huubeba kwa kulalamika. Inaweza kuruka kilometa 3,000 bila kuongezwa mafuta. Warusi waliisanifu kwa nchi yao, ambayo ni pana mno na viwanja vyake viko mbalimbali, na ndiyo maana ikawa kubwa namna hiyo. Kwa hiyo kijana wa kwanza hakusema uongo. Ila namwomba asiichanganye na zile Sukhoi anazoziona kwenye picha zikipinduka angani kama samaki. Zile, kama za India, zina midomo ya injini inayogeuka na mabawa madogo karibu na kichwa. Hii ya Uganda haina vitu hivyo.

Sasa tuje kwa yule wa mabati. Naye ana lake.

Mwezi Februari mwaka 1999, katika vita vya Ethiopia na Eritrea, ndege za kisasa za Kirusi zilikutana angani zenyewe kwa zenyewe, hapa hapa Afrika Mashariki. Ethiopia ilikuwa na Su-27, ambayo ndiyo mama wa Su-30. Eritrea ilikuwa na MiG-29. Su-27 zilishinda. Lakini taarifa za mapambano yale zinaeleza jambo ambalo wauzaji hawalitaji katika vitabu vyao vya matangazo: makombora ya R-27, yaliyotengenezwa kwa ajili ya kumpiga adui akiwa mbali, mengi yalirushwa yakakosa shabaha, na waliotunguliwa walitunguliwa baada ya kukaribiana, kwa makombora ya masafa mafupi. Uwezo ulioandikwa kwenye karatasi ni jambo moja, na kombora linalogonga ni jambo jingine.

Udhaifu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, haupo angani kabisa. Upo karakana. Injini ya Su-30, iitwayo AL-31F, maisha yake yote huhesabiwa kuwa saa 1,500 hivi za kuruka, na katikati ya hapo lazima ifunguliwe yote na kufanyiwa matengenezo makubwa. Mwenye trekta pale Biharamulo huweza kumaliza saa 1,500 katika misimu michache ya kulima, kisha akaendelea kulima. Injini hii ikifika hapo inatafutiwa nyingine, na kila ndege inazo mbili. India, yenye viwanda vyake na yenye Su-30 zaidi ya mia mbili, haikuweza kuzifanya zote ziwe tayari kuruka. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu wa nchi hiyo ya mwaka 2015 ilisema zilizokuwa tayari ni kati ya asilimia 55 na 60, wakati lengo lilikuwa asilimia 75. Ukichukua kipimo hicho cha India ukakitumia kwa ndege sita, unabaki na tatu, pengine nne. Na ukitaka vipuri, tangu Februari 2022 mwenye kiwanda yuko vitani Ukraine, anazihitaji injini zake mwenyewe, na benki nyingi duniani zinaogopa kumpelekea malipo.

Tena ndege hii hulala chini muda mwingi kuliko inavyoruka, na ikiwa chini haina ujanja. Waganda wanalijua hilo kuliko wengi wetu. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, 1976, makomando wa Israel walipokwenda Entebbe kuwachukua mateka, walizilipua MiG za Idi Amin zikiwa zimeegeshwa. Tarehe 9 Agosti, 2022, jambo la namna hiyo liliwakuta Warusi wenyewe katika kambi ya Saky, huko Crimea: ndege zao kadhaa, Su-30 zikiwamo, ziliteketea uwanjani.

Wazee wa mkoa wetu nao wana ushahidi wao. Mwaka 1978, wakati mkoa ukiitwa bado Ziwa Magharibi, ndege za Amin zilidondosha mabomu Bukoba na watu wakakimbia mji. Hofu ile ilikuwa ya kweli, na mimi simcheki anayetazama juu anaposikia mngurumo. Lakini daraja la Kyaka zililijaribu kutoka angani zikashindwa. Lilivunjwa tarehe 3 Novemba kwa baruti iliyotegwa kwa mikono. Baadaye askari wetu walizitungua ndege za aina hiyo kwa makombora ya kurushwa kutoka begani. Na tarehe 29 Machi, 1979, ndege ya Libya aina ya Tupolev, ambayo ni kubwa kuliko Su-30, ilitumwa kulipua hifadhi ya mafuta ya Mwanza, ikaishia kuua swala.

Sasa hivi bomba la mafuta ghafi ya Uganda, kutoka Hoima kwenda Tanga, linapita katika wilaya hiyo hiyo ya Biharamulo. Mwenye mafuta ndani ya ardhi yako hana haraka ya kukuangushia bomu. Sukhoi zile zilinunuliwa kwa sababu nyingine, na mimi ningependa vijana wa Kaniha wabishane zaidi kuhusu namna zilivyonunuliwa. Pamoja na silaha na vifaa vyake zilitajwa kugharimu dola milioni 740 hivi za Marekani. Fedha zilichukuliwa Benki Kuu ya Uganda kwanza. Bunge likaombwa kuidhinisha baadaye, mwaka 2011. Mbunge gani angekataa malipo yaliyokwisha kulipwa?

Mwishoni mwa barua yake msikilizaji ameuliza kama nasi tununue za namna hiyo. Siku hoja hiyo ikiletwa, asiulize kasi. Aulize injini zitafunguliwa wapi, na nani. Marubani wataruka saa ngapi kwa mwaka. Na rada za chini za kuwaongoza ziko ngapi. Majibu yatolewe Dodoma, bungeni, kabla hundi haijaandikwa.