Mnunuzi wa Chupa Asipokuja

(Mazungumzo na vikundi vya vijana, Makambako na Njombe mjini)



Leo tuongee kuhusu chupa tupu za maji. Najua wengine mtacheka, maana mmezoea nije na habari za UKIMWI na mimba. Lakini pale Makambako, njia ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Zambia, mabasi hayakatiki, na abiria akishakunywa chupa inatoka dirishani. Anayeiokota ni kijana mwenye kiroba begani. Anauza kwa kilo kwa mnunuzi, mnunuzi anapeleka mbele. Huo ndio urejelezaji wetu.

Je, mnunuzi akisema, "Sichukui, bei imeanguka," inakuwaje?

Msidhani ni shida ya maskini tu. Marekani iko miji ambako gari lilipita nyumba kwa nyumba kuchukua chupa, makopo na karatasi zilizotengwa. Mzigo mwingi ulipakiwa melini kwenda China. Tarehe 1 Januari 2018 China ikafunga mlango kwa aina 24 za taka, zikiwemo plastiki za majumbani. Kisa? Mzigo ulikuwa mchafu, umechanganywa na mabaki ya chakula na takataka nyingine. Bei ikaporomoka. Mwaka 2019 mji wa Deltona, jimbo la Florida, ukasimamisha huduma hiyo. Jiji la Philadelphia nalo, kwa miezi kadhaa, lilichoma karibu nusu ya taka ambazo wananchi walishazitenga vizuri kabisa. Tanuri lenyewe lilikuwa Chester, mji mdogo wa jirani. Kwa hiyo moshi wakaupata watu wa Chester. Mnaona eeh?

Kwetu moshi anaupata nani? Chukua Njombe mwezi Juni au Julai, baridi ile mnayoijua. Mtu anataka jiko la mkaa liwake haraka. Anachomeka kipande cha chupa au nailoni chini ya mkaa, kiberiti, basi. Halafu jiko linaingizwa ndani, mlango unafungwa. (Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa na vifungashio viko tele.) Moshi huo unawasha macho na koo, unaamsha pumu, na baadhi ya plastiki zikiungua hutoa sumu ya dayoksini, ambayo inaweza kuleta saratani. Mtoto aliyebebwa mgongoni anavuta hewa hiyohiyo. Washia magunzi au vibanzi vya paini, tena nje, na jiko usilale nalo ndani hata likiwa halitoi moshi. Hewa ya mkaa huua bila harufu.

Halafu kuna dumu la dawa ya viazi. Likikosa mnunuzi linaoshwa, linatiwa maji ya kunywa au ulanzi. Hapana jamani! Sumu imeshaingia kwenye plastiki, sabuni haiitoi. Suuza mara tatu, maji hayo yarudishe kwenye bomba la kupulizia uyamalizie shambani, kisha litoboe dumu asilitumie mtu. Usilichome.

Chupa za kawaida zikae kiroba chake, tupu, mbali na nepi na maganda. Mzigo safi hata bei ikishuka una nafasi ya kuuzika. Na kwenye mkutano wa mtaa ulizeni: zisizonunuliwa zinakwenda wapi? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeipa halmashauri kazi ya kusimamia taka ngumu. Siyo hisani, ni kazi yao.

Mwisho, ninyi mnaookota. Vaeni viatu vilivyofunika mguu, na msiingize mkono kwenye kiroba msichokiona ndani. Ukichomwa na sindano au wembe, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Uliza pia chanjo ya homa ya ini.

Haya, maswali. Dada wa koti jekundu, anza wewe.