Ukifika kwa Maji, Uliza Tena: Mitandao ya Wavu Kibera na Kawangware



Mgeni akiuliza njia Kibera, Nairobi, hapewi anwani. Huambiwa: "Fuata reli, ukifika pale wanapouza maji, uliza tena." Pale kwa maji, mama mwenye mitungi atamnyooshea kidole hadi kwa kinyozi, na kinyozi atamwonyesha mlango wa buluu. Kati ya hao hakuna aijuaye njia yote. Kila mmoja anajua tu jirani wa kumsukumia mgeni, na mgeni anafika.

Ndivyo inavyofanya kazi programu ya B.A.T.M.A.N., iliyozaliwa miongoni mwa wanamtandao wa Freifunk kule Berlin na kupokelewa rasmi ndani ya Linux mwaka 2011. Itifaki ya OLSR iliyoitangulia ilitaka kila kituo kiwe na ramani ya mtandao mzima na kupiga hesabu upya kila mara kitu kilipobadilika, kazi iliyozielemea mashine ndogo. Wale wa Berlin wakauliza, ramani ya nini? Kila kituo kipige mbiu fupi, kwa kawaida mara moja kwa sekunde: nipo. Majirani waisikie na kuipitisha. Nikisikia mbiu za kituo cha mbali zikinifikia vizuri zaidi kupitia kwa jirani fulani, basi mzigo wa kwenda huko nampa huyo. Mtandao wa namna hii mafundi huuita meshi. Mimi nitauita wavu.

Kompyuta ya kila kituo ni Raspberry Pi, kibao kimoja chenye upana wa kitambulisho chako cha taifa. Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, na toleo la tatu la 2016 ndilo la kwanza kuja na WiFi yake. Kuunga wavu si kazi ndefu. Redio huwekwa katika hali isiyo na bwana (ad-hoc), vituo vyote vikitumia jina moja na chaneli moja. Moduli ya programu hiyo ndani ya Linux, batman-adv, hupakiwa, redio ikafungwa chini ya kiolesura chake, bat0. Kikomo cha pakiti kwenye redio huinuliwa kutoka 1500 hadi 1532, kwa kuwa kila mzigo sasa unasafiri ndani ya bahasha ya ziada. Kituo chenye kebo ya intaneti hutangazwa kuwa lango. Mwanafunzi wa mwaka wa pili humaliza haya kabla ya chai ya saa nne.

Ugumu uko mbele. Mimi na wenzangu tulipofunga vituo vinne katika ploti moja Gatina, Kawangware, cha tatu kilipotea kila jioni. Wiki nzima tuliilaumu programu. Tulibadilisha chaneli, tukabadilisha toleo, tukaandikiana baruapepe za hasira. Hatimaye nikaenda mwenyewe saa moja kasoro. Chumba kilikuwa na soketi moja. Mama mwenye nyumba alichomoa kituo chetu mbele ya macho yangu, akachomeka tivii. "Sasa mwalimu," akaniambia bila kugeuka, "nikose habari kwa sababu ya kamashine kako?" Sikuwa na jibu, nikaenda kununua ekstensheni.

Baada ya hapo kituo kikawa kinawaka na kujizima. Tulipokiunga na skrini tukaona alama ndogo ya radi, ishara kwamba umeme umeshuka chini ya volti 4.63 wakati mashine inataka 5. Kosa lilikuwa letu: tulitumia nyaya nyembamba za chaja za simu. Stima nayo ikipotea ghafla huku kompyuta inaandika, memori kadi huweza kuharibika, kwa hiyo tuliifanya ya kusomwa tu, isipokuwa kipande cha kumbukumbu. Halafu kuna mabati. Wimbi la gigahezi 2.4, lenye urefu wa sentimita 12 na nusu, likigonga bati hurudi lilikotoka. Kinachotoka chumbani kimepenya kwenye upenyo kati ya ukuta na paa. Antena lazima ipande juu, kwenye ubao, na atakayepanda na ubao huo lazima aelewane na mwenye ploti.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi ya wapenzi wa wavu hawatalipenda. Redio moja haiwezi kusikiliza na kusema kwa pamoja, kwa hiyo kila mruko kutoka kituo hadi kituo hula karibu nusu ya kasi. Ukianza na megabiti 20, mruko wa pili unakupa kama 10, wa tatu 5 au chini yake, na video inabaki kuzunguka tu. Wavu wa kompyuta ndogo unafaa ploti, au safu ya vibanda. Kibera nzima hauiwezi. TunapandaNET, mtandao wa jamii wa Tunapanda Institute unaounganisha shule na vituo vya vijana Kibera, unategemea milingoti na antena zinazotazamana, na ni sawa. (Jina lao lafaa mara mbili: wanapanda mbegu, na wanapanda milingoti.) Tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ina utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii, kwa hiyo kazi hii si ya kuvizia tena.

Kule Gatina, kituo cha lango tulikiwekea pia Kolibri, maktaba ya masomo isiyohitaji intaneti. Bando likiisha, watoto wa ploti huendelea na hesabu zao.

Mwishoni tulitaka kujua stima ilipotea mara ngapi, tukafungua kumbukumbu za vituo. Saa zote zilikuwa za uongo. Raspberry Pi ya aina ile haina betri ya saa. Ikizimika na kuwaka bila intaneti, haijui ni lini. Yule mama akatuita ndani, akafunga mlango. Nyuma ya mlango huo, kwa chaki, alikuwa ameandika kila siku stima ilipokatika, saa ya kuzimika na saa ya kurudi. Tukapiga picha mlango.